STAA, KABLA HUJAMDHALILISHA DOGO WA LAPTOPU, KAGUA WAYA WAKO KWANZA

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, huo utakuja Ijumaa kama kawaida. Leo nina hasira, na mnanijua nikiwa na hasira naandika ndefu. Tafuta pa kukaa, tuelewane.

Wengi wenu mshaiona ile klipu. Msanii mmoja mkubwa tu hapa Bongo, jina kapuni, alikuwa na usiku wa kuzindua video yake mpya kwenye ukumbi mmoja hapa Dar. Watu wamependeza, meza zimepambwa, wapiga picha kibao. Video inaanza, skrini kubwa inawaka, baada ya kama sekunde arobaini inazima. Inawaka tena. Inazima. Halafu ikabaki bluu, na maandishi madogo ya kusema hakuna mawimbi yanayoingia.

Staa akachukua maiki. Badala ya kupiga utani kidogo watu wacheke wakati tatizo linatafutwa, akamwita dogo aliyekuwa kwenye laptopu, akamsimamisha mbele ya ukumbi mzima, akamuuliza hiyo laptopu kaiokota jalala gani. Watu wakaangua kicheko. Akaongeza kwamba ndiyo maana vijana wa aina hii wanakufa maskini. Chawa wake walikuwa wanarekodi, wakaposti usiku uleule na emoji za kucheka. Mpaka naandika hapa dogo wa watu ana jina jipya mtaani, wanamwita Jalala.

Mimi nilikuwepo. Dogo yule namjua, sio ndugu yangu, tunafahamiana kwa kazi tu, maana kabla ya hii blogu nilishabeba sana maspika na kukunja nyaya kwenye sendoff za watu. Ni deiwaka. Analipwa kazi ikiisha, elfu sitini kwa usiku mzima, kuanzia kufunga vyombo mchana mpaka kufungua saa nane usiku. Usiku ule hakulipwa. Kesho yake mwenye vyombo akamwambia asirudi tena, na ile sitini imekatwa kama fidia ya kuharibu shughuli ya mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Laptopu ilikuwa nzima. Dogo alikuwa sahihi. Kilichoharibu shughuli ni waya, na waya wenyewe waliuleta watu wa staa.

USHAHIDI MMEUPOSTI WENYEWE

Rudieni klipu yenu mkiwa mmeweka sauti. Skrini ilipozima, wimbo uliendelea kupiga. Wimbo ulikuwa unatoka wapi? Kwenye laptopu ileile, unapita kwenye waya mwembamba wa sauti unaingia kwenye miksa. Laptopu ingekuwa imeganda, na wimbo ungeganda. Ingekuwa imezima, ukumbi ungekuwa kimya. Kwa hiyo kilichokatika ni njia ya picha peke yake.

Njia ya picha ina washukiwa watatu tu: tundu la HDMI la laptopu, waya, na projekta. Projekta yenyewe ndiyo iliyoandika kwamba haipati mawimbi. Maana yake iko hai, taa yake inawaka, inasubiri kuletewa kitu. Tundu la laptopu lilifanya kazi mchana mzima kwenye majaribio, niliona kwa macho yangu. Amebaki nani?

Na huyo aliyebaki ana historia. Mchana dogo alitandaza waya wake mwenyewe, mweusi, wa zamani, una selotepu yenye jina lake ili usiibiwe. Picha ilikuwa safi. Saa kumi na mbili jioni akaja jamaa mmoja wa kambi ya staa, akasema waya ule ni wa kishamba, unaharibu muonekano wa meza za mbele. Akatoa mpya kwenye boksi. Mweupe, ncha zinang'aa dhahabu, mita ishirini. Unatoka kwenye duka ambalo staa mwenyewe analitangaza kila wiki kwenye ukurasa wake. Dogo akamwambia, "Kaka, huu hatujaupima, bora tuache ule." Jibu alilopewa: "Dogo tulia, unajua bei ya huu waya?"

Bei alikuwa haijui kweli. Kazi ya waya alikuwa anaijua.

Ngoja niwape somo la dakika moja, bure. Waya wa HDMI wa shaba ukiwa mrefu, mawimbi yanachoka njiani. Na kadiri picha inavyokuwa kubwa ndivyo waya unavyobebeshwa mzigo mkubwa. Picha ya 4K yenye fremu 60 inataka njia ya gigabiti 18 kwa sekunde, ndiyo kiwango kilicholetwa na HDMI 2.0 mwaka 2013. Picha ya kawaida ya HD kamili, ile ya mistari 1080, haifiki hata gigabiti 5. Ndiyo maana waya mmoja unaweza kupitisha HD siku nzima bila shida, ukiusukumia 4K unakata, unarudi, unakata. Kambi ya staa ililazimisha 4K, kwenye waya wa mita ishirini ambao hakuna aliyeupima. Ule wa dogo walishaukunja.

Na ile dhahabu ya kwenye ncha? Dhahabu inasaidia ncha isishike kutu, basi. Haiongezi picha hata nukta moja.

Dawa ilikuwa ya dakika mbili: kushusha picha kutoka 4K kwenda HD, au kurudisha waya wa mwanzo. Na dogo aliijua. Nendeni tena kwenye klipu, achaneni na uso wake mnaoucheka, angalieni mkono wake wa kushoto wakati anaitwa mbele. Ameshika nini? Waya mweusi wenye selotepu. Alikuwa anaenda kuufunga. Staa alimkamata akiwa njiani kwenda kumuokoa.

Ule mweupe uliachwa sakafuni, na mwenye ukumbi akaniruhusu niuchukue nikaupime. Nimeufunga kwenye TV ya 4K ya mshkaji wangu. HD unaonyesha vizuri kabisa. Ukiweka 4K, picha inakata kila baada ya muda mfupi, na ukiukunja kidogo karibu na ncha inajaa chenga chenga. Ukitaka kuuona uko kwangu, staa, njoo uuchukue.

CHICAGO, MWAKA 1998

Najua kuna mtu atasema, "Blogu, mtu mkubwa akiaibishwa mbele za watu lazima awake." Hapo ndipo naomba niwapeleke Marekani kidogo.

Aprili 1998, Bill Gates, wakati ule tayari ni kati ya matajiri wakubwa kabisa duniani, alikuwa jukwaani Chicago kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX. Anaonyesha Windows 98 kabla haijaingia sokoni. Pembeni yake kuna kijana wa kampuni, anaitwa Chris Capossela. Kijana anaelezea jinsi ilivyo rahisi, unachomeka tu skana kwenye kompyuta na mashine inaitambua yenyewe. Akachomeka. Skrini nzima ikawa bluu, ile bluu ya kufa, mbele ya umati na kamera za televisheni. Kitu kimoja cha kuchomeka na waya, na bidhaa ya mabilioni ikaanguka hadharani.

Gates alifanya nini? Alitabasamu, akatania kwamba labda hiyo ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, wakaendelea. Windows 98 ikatoka Juni mwaka uleule. Na yule kijana hakufukuzwa. Alibaki kampuni ileile, akapanda, na miaka baadaye akawa mkuu wa masoko wa Microsoft nzima.

Sasa nipigie hesabu. Tajiri mwenye kampuni, bidhaa yake mwenyewe imeanguka mbele ya dunia, anatania. Wewe wa kwetu, mwenye nyimbo mbili zinazotrendi na gari la mkopo, unamnyima deiwaka elfu sitini yake kwa sababu ya waya uliouleta wewe. Nani hapo ni mkubwa?

SIO STAA PEKE YAKE, NA SISI TUMO

Msifikiri namchamba staa ili sisi wengine tubaki wasafi. Hii tabia tunayo wote. Kitu kikigoma, cha kwanza tunatafuta mtu wa kumlaumu, na tunamchagua asiyeweza kujibu. Kagua waya ni jambo la mwisho kabisa, wakati lingekuwa la kwanza.

Nenda steshenari yoyote kipindi cha maombi ya mkopo wa chuo. Foleni mpaka nje, printa imegoma, wateja wanamtukana binti wa watu kwamba hajasoma. Mara nyingi kilichotokea ni kidogo sana: mtu alichomoa waya wa printa apate pa kuchajia simu, akaurudisha kwenye tundu lingine. Windows ikadhani imeletewa printa mpya, ikaiandikisha kama nakala ya pili, na kazi zote zinaendelea kutumwa kwa ile ya kwanza ambayo haipo tena. Unarudisha waya kwenye tundu lake la mwanzo, au unachagua ile nakala mpya, karatasi zinaanza kutoka. Na kama kuna kazi imekwama kwenye foleni, unaifuta, unazima printa, unawasha. Matusi hayamo kwenye hatua hizo.

Mdada mmoja wa mtaani kwetu anauza nguo mtandaoni. Simu yake ikikataa kuonekana kwenye kompyuta, picha hazihami. Akaenda kwa fundi mmoja, akaambiwa tundu la laptopu limekufa, lete laki na ishirini. Akaja kwangu analia. Nikamuuliza waya anaotumia ameutoa wapi. Ulikuja na spika ndogo ya bluetooth. Basi, nikacheka. Waya wa kawaida wa USB ndani una nyaya nne: mbili za umeme, mbili za kupitisha data. Hivi vya bure vinavyokuja na spika na tochi, vingi vina zile mbili za umeme tu. Vinachaji, ila faili halipiti hata ukiomba dua. Nikampa waya wangu, picha zikahama. Laki na ishirini ilikuwa inaenda kununua kosa ambalo halipo.

Tena na hili mlizoee. Simu haichaji mpaka uishike kwa pembe, unaambiwa sistimu chaji imekufa. Zima simu, washa tochi ya simu nyingine, angalia ndani ya tundu. Mara nyingi kuna pamba ya mfukoni imeshindiliwa huko ndani, waya haufiki mwisho. Itoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Cha mbao jamani, sio sindano.

Ofisini napo, mausi isiyo na waya inakwamakwama, bosi anamlaumu mtu wa IT. Angalia ile pini yake ndogo imechomekwa wapi. Ikiwa imebanana na hard disk ya nje inayotumia USB 3, hapo ndipo penye ugomvi. Intel wenyewe waliandika mwaka 2012 kwamba USB 3 inatoa kelele za mawimbi kwenye masafa ya 2.4 GHz, na masafa hayohayo ndiyo mausi nyingi zinatumia kuongea na kompyuta. Hamisha pini upande wa pili. Kazi imeisha, hakuna aliyefukuzwa.

Halafu kuna ile ngurumo ya maspika kwenye shughuli, mmm mmm mmm, MC anamkodolea macho DJ. Chomoa chaja ya laptopu kwa sekunde tano. Ngurumo ikikata, DJ hana kosa. Laptopu na miksa zimechukua umeme sehemu tofauti na zinagombana kupitia waya wa ardhi. Zichomeke zote sehemu moja ya umeme, au weka kile kiboksi cha kutenganisha sauti. Ila naomba na hapa mnisikie: msivunje ile pini ya juu ya plagi ili ngurumo iishe. Nimeona madogo wanafanya hivyo kwa sababu wanaogopa kutukanwa. Pini ile ndiyo inayokulinda siku umeme ukivuja kwenye boksi la chuma. Ukiivunja, ngurumo inaisha na siku moja mtu naye anaisha.

Mnaona sasa kwa nini nina hasira? Dogo anayeogopa kudhalilishwa hatasema waya haujapimwa. Atanyamaza. Atavunja pini. Atafanya chochote skrini iwake dakika hii. Ukimtisha mtu anayeshika umeme wako, umejitisha mwenyewe.

NINYI MNAOTANGAZA NYAYA

Sasa nirudi kwa mastaa, na hapa siongelei mmoja. Kuna dada mmoja mwenye wafuasi kibao, kuna kaka mmoja wa vichekesho, kuna huyu wa klipu. Wote jina kapuni, wote wanatangaza nyaya na chaja. "Orijino kabisa, wati 120, simu inajaa kabla hujamaliza kuoga." Bei elfu nne.

Hebu tuulizane. USB-C ni umbo la ncha tu. Imekuwepo tangu mwaka 2014, na sasa Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwenye simu mpya zote zinazouzwa kwao tangu tarehe 28 Desemba 2024, laptopu zikapewa mpaka tarehe 28 Aprili 2026. Umbo limekuwa moja kila mahali. Ila kilichomo ndani ya waya si kimoja. Kuna waya wa USB-C unaopitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ileile ya USB 2.0 ya mwaka 2000, na kuna mwingine unaofika gigabiti 40. Ukiviweka mezani vinafanana kama mapacha. Kwenye chaji ni vilevile. Kwa viwango vya USB-C, waya wa kupitisha zaidi ya wati 60 lazima uwe na kichipu ndani kinachoiambia chaja kwamba naweza kubeba mzigo huu. Kisipokuwepo, chaja yenye akili inakataa kuzidisha.

Na hata waya ukiwa mzuri, chaja, waya na simu lazima vikubaliane vyote vitatu. Kimoja kikigoma, mnarudi wote mwendo wa kinyonga. Kwa hiyo mtu akikwambia waya huu ni wati 120 kwa simu yoyote, ujue hajui anachosema, au anajua na ameshalipwa.

Swali langu kwenu mastaa ni dogo: umewahi kuutumia? Manake usiku ule tumeona kwa macho yetu. Waya ulioutangaza kwa watu wote uliingia kwenye shughuli yako mwenyewe ukakuaibisha, na bado lawama ikaenda kwa mtoto wa watu aliyesema usitumike. Wiki hii tena nimeona umeuposti na kodi ya punguzo. Kweli?

MNAOJIANDAA KULETA POVU

Kuna watakaosema dogo naye alikosea, fundi makini anakuwa na waya wa akiba na hakubali kubadilishiwa vyombo dakika za mwisho. Nakubali nusu. Waya wa akiba alikuwa nao, mmeuona mkononi. Kwamba angekataa kata kata, sawa, kwenye karatasi. Lakini deiwaka wa elfu sitini anamkatalia vipi mtu wa kambi ya staa, wakati mwenye vyombo amesimama pale anachekacheka na kuitikia kila kitu? Anayebadilisha kifaa ndiye anabeba matokeo ya kifaa. Hiyo ni sheria ya kazi yoyote, hata ya kupika pilau.

Wengine mtasema naandika haya kwa sababu nina wivu, nimeishia Form Four, sina hata cheti cha kompyuta. Kweli sina. Nilijifunza kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe na kuvitengeneza. Ndiyo maana najua kwamba kutafuta tatizo hakuhitaji digrii, kunahitaji utulivu. Unabadilisha kitu kimoja kwa wakati, unaangalia, unaendelea. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kikapona, hujui ulichotibu. Ukipiga kelele, hujabadilisha kitu chochote.

Kwa wale mnaofanya hizi kazi, hizi hatua ziwekeni kwenye simu. Skrini ikigoma mbele za watu:

1. Sikiliza. Sauti ikiwa inaendelea, laptopu ni nzima, usiiwashe upya.
2. Chomoa waya wa picha pande zote mbili, rudisha mpaka mwisho. Nusu ya matatizo niliyokutana nayo mimi yaliishia hapa.
3. Chukua rimoti ya projekta, hakikisha imechagua tundu ulilochomeka, sio la jirani.
4. Kwenye laptopu ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, chagua la pili kutoka juu, ili skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja.
5. Picha ikikata na kurudi, shusha kutoka 4K kwenda HD.
6. Bado? Badilisha waya. Waya uliopimwa mchana, hata kama una selotepu.
7. Mwambie MC akupe dakika tatu, na MC mwenye akili atazijaza.

NINACHOTAKA

Staa, sitaki uniite studio tuyamalize na soda. Nataka vitu vitatu. Cha kwanza, dogo alipwe elfu sitini yake. Hela hiyo kwako ni ya kuweka kucha, kwake ni nusu ya kodi ya chumba. Cha pili, umuombe radhi palepale ulipomtukania, kwenye ukurasa uleule, kwa sauti ileile. Usimtumie ujumbe wa faragha wa "pole mdogo wangu" wakati tusi lilikuwa la hadharani. Cha tatu, umpigie mwenye vyombo, umwambie ukweli kwamba waya ulikuwa wa kwako, amrudishe kijana kazini.

Na wewe mwenye vyombo, jina lako nalo liko kapuni ila unajijua. Ulikuwepo waya unabadilishwa. Uliona kila kitu. Ulinyamaza kwa sababu unatafuta shughuli nyingine za staa, ukamtoa kijana wako kafara. Nakuuliza tu, siku ya shughuli nyingine, nani atathubutu kukwambia kwamba kitu hakijapimwa?

Dogo mwenyewe hajui kama naandika hii. Juzi nimekutana naye Kariakoo, amebeba mizigo ya watu. Nikamuuliza ule waya wake uko wapi. Akaniambia, "Upo bro, nimeukunja vizuri. Kazi ikitokea niite." Kama una shughuli na unataka mtu wa laptopu na projekta anayepima vyombo vyake mapema, nitafute, nikuunganishe naye. Ataleta waya wenye selotepu. Picha itatoka.

Dondosheni komenti hapo chini. Nani kati yenu ameshawahi kulipia tatizo ambalo kumbe lilikuwa waya? Na nani ameshamtukana mtu halafu akagundua waya haukuchomekwa vizuri? Semeni ukweli, leo hatuchambani. Ila mkiandika lile jina la Jalala, komenti naifuta. Kijana ana jina lake, na siku atakayotaka tulijue atalitaja mwenyewe.